Ekzosi Aliyoiomba Marehemu

Jumanne moja asubuhi, wiki ya saba baada ya kumzika mwanawe, Mzee Kimya alianza kufungua nati mbili zinazoshika bomba la moshi kwenye pikipiki ya marehemu. Nati ya kwanza ililegea kwa spana namba kumi bila ubishi. Ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu, imeng'ang'ania kama kupe. Akaimwagia mafuta ya kulegeza, akageuza ndoo juu chini, akaikalia, akasubiri.

Jina la Kimya alipewa na wateja, wala si kwa kukosa maneno. Maneno alikuwa nayo ya kugawa na ya kubakiza. Aliitwa hivyo kwa sababu pikipiki iliyoingia karakanani kwake ikibweka ilitoka ikikoroma kama paka aliyeshiba. Hakupenda kelele. Kijana wake, tarishi wa maabara aliyebeba sampuli za damu kutoka zahanati moja hadi nyingine, alimwomba kwa miaka mitatu amfungie ekzosi fupi, ile ya chuma cha pua yenye sauti.

"Baba, barabarani hawanisikii."

"Debe tupu haliachi kuvuma," mzee alikuwa akimjibu. "Kwani wewe ni debe?"

Kijana alicheka, akaenda zake, na baada ya mwezi akarudi na ombi lilelile.

Kisha lori la mawe likamgonga kwenye njia panda ya machimbo, siku kavu, jua limewaka. Jalada la polisi lilikuwa na kurasa mbili. Dereva alisema, "Sikumsikia," na neno hilo likapigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Chini yake iliandikwa kwamba pikipiki ilikuwa na mlio hafifu kupita kawaida, kwamba mwendeshaji aliingia mbele ya lori kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba alikufa papo hapo. Maabara nayo ilileta barua kusema sampuli kumi na nne ziliharibika kwa kukaa juani.

Mzee Kimya alilala na yale maneno mawili, papo hapo, kama mtu anavyolala na shuka moja usiku wa baridi. Haikutosha, lakini ilikuwa shuka.

Nati ya pili ikakubali. Akalivua bomba la zamani, akalilaza kwenye gunia kwa upole. Ekzosi mpya ilikuwa ndani ya boksi, bado imevikwa karatasi. Alisugua mdomo wa injini kwa msasa mpaka ukang'aa, akaweka gasketi mpya ya shaba ya kuziba mwanya, akaingiza nati kwa vidole kwanza ili zisipande upande, kisha akazikaza kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Akavuta springi kwa koleo, akafunga klampu. Alifanya kazi ile kama anavyofanya fundi anayejua kwamba mteja hatarudi kulalamika.

Akapiga kiki. Mara ya tatu injini ikashika, na kijana wake akaanza kusema kupitia ekzosi.

Maneno hayakusikika vizuri. Yalikuwa yakikwaruza, yakikatika, mengine yakitoka kama kikohozi. Dobi wa chumba cha pili alitoka na pasi mkononi, akasikiliza.

"Ni yeye," alisema. "Ila ana mafua."

"Si mafua," alisema Mzee Kimya. "Anapata hewa nyingi na petroli kidogo."

Ndivyo ilivyo. Ekzosi fupi inapumua kuliko ndefu, na kabureta ikibaki ilivyokuwa, injini hubaki na kiu. Mzee alizima, akamtuma dobi akamwite mkwewe, yaani mke wa marehemu, aliyekuwa akishona sare za shule mtaa wa pili. Kisha akafungua kabureta, akatoa jeti, kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, akaweka kubwa zaidi. Mkwewe alipofika, mtoto mgongoni na uzi wa cherehani umemning'inia begani, mzee alikuwa anakaza skrubu ya mwisho.

"Baba, nimeambiwa anasema."

"Anasema, mwanangu. Njoo usimame huku, moshi usimfikie mtoto."

Akapiga kiki. Safari hii sauti ilitoka safi, ileile ya mezani, sauti ya mtu asiye na haraka.

"Nilikuwa upande wangu," ilisema. "Lori likatoka machimboni bila kusimama. Nikapiga honi mara mbili. Dereva akaniona, tukatazamana. Nikaangukia mtaroni. Dereva akashuka, akaniita ndugu yangu, akaniuliza kama namsikia. Nikamwambia namsikia. Akampigia tajiri wake simu. Tajiri akamwambia afikishe mzigo kwanza. Akapanda, akaondoka. Jua likanijia usoni. Nikampigia baba. Hakupokea. Nikampigia tena. Hakupokea. Kisha nikashikwa na kiu."

Halafu ikaanza upya. Nilikuwa upande wangu.

Mzee Kimya alizima injini. Dobi alikumbuka shati aliloliacha mezani, akarudi ndani.

Siku ya mazishi, mkwewe alimuuliza swali moja tu. "Baba, hakukupigia?" Naye akajibu, "Hakunipigia." Siku ya ajali simu ilikuwa imewaka juu ya meza ya kazi saa nne na nusu asubuhi, jina la mwanawe likaonekana, na mzee akajisemea, ni ile ekzosi tena, nitampigia baadaye. Ilipowaka mara ya pili aliilaza kifudifudi, maana mteja alikuwa amesimama anasubiri. Jioni ya msiba alijifungia chooni akaifuta ile mistari miwili kwenye simu kwa kidole kilichokuwa bado na grisi.

"Mara mbili?" aliuliza mkwewe.

"Mara mbili."

"Na ulizisikia?"

"Niliziona."

Mwanamke akautoa ule uzi begani, akauviringa kidoleni mpaka ukaisha. Akamweka mtoto sawa mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi yake alimkuta mzee ndiyo kwanza anafungua mlango.

"Tuipeleke kituoni," alisema.

"Mwanangu, atalisema lile mbele za watu."

"Ndiyo. Atalisema."

Mzee Kimya alitazama mikono yake. Angeweza kurudisha jeti ndogo, na marehemu angerudi kukwaruza, na hakuna mwingine ambaye angejua mwisho wa maneno yake. Alilifikiria hilo kwa muda wa kufunga kamba za viatu. Kisha akaisukuma pikipiki nje.

Kituoni, sajini aliwaambia waiwashe uani, chini ya bendera. Askari wengine watatu wakatoka, pamoja na watu waliokuwa wamekuja kuripoti vitambulisho vilivyopotea. Ekzosi ikasema yote. Sajini aliandika, lakini mwandiko wake ulikuwa wa taratibu, akaomba warudie. Ikasema yote tena.

"Huyu baba ambaye hakupokea," aliuliza, kalamu ikiwa hewani, "anapatikana?"

"Ni mimi."

"Jina la ukoo?"

Mzee akalitaja. Watu wa vitambulisho walimtazama, kisha wakatazama chini, kama watu wanavyofanya mlangoni pa nyumba yenye msiba. Mkwewe alisimama kando yake, si karibu, si mbali.

Mkuu wa kituo alisoma yale maelezo akiwa amesimama. Alisema yamepangika vizuri kuliko mengi anayoyapokea kwa walio hai. Tatizo ni kwamba maelezo lazima yasainiwe na mtoaji, na ekzosi haina mkono. Tena jalada lilishafungwa, na jalada likifungwa halifunguliwi kwa mlio. Kuhusu huo mlio, alitoa kipimo chao, akakielekeza kwenye pikipiki, akaandika karatasi ya njano. Umezidi kiwango kinachoruhusiwa barabarani. Mzee akapewa siku saba arekebishe.

"Poleni sana," alisema mkuu, na alimaanisha.

Siku ya nne dereva wa lori alikuja karakanani kwa miguu. Alikuwa mwanamume mnene, mpole, amevaa shati la kanisani siku ya kazi. Hakujitambulisha, wala hakuulizwa. Aliomba asikilizishwe. Mzee akapiga kiki, na dereva akasikiliza kichwa kimeinama, mikono nyuma.

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema ilipoisha. "Hajaongeza neno. Ila honi alipiga mara tatu."

"Tatu?"

"Tatu, mzee wangu. Ya tatu ilikuwa ndefu."

"Utakwenda kusema?"

Dereva alitafuta mahali pa kuyaweka macho, akayaweka kwenye spana.

"Nina watoto watatu," alisema. "Na lori ni lilelile. Kesho alfajiri naingia zamu."

Mzee Kimya akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Dereva akanywa, akashukuru, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja.

Tajiri hakuja. Yeye alituma tripu moja ya kokoto, pamoja na salamu za pole. Lori liliimwaga mbele ya mlango wa karakana na kuondoka kabla hajatokea mtu wa kusema inahitajika au haihitajiki. Wateja wakawa wanaizunguka. Dobi alisema angalau ni kokoto safi, isiyo na vumbi, kisha akarudi kwenye pasi yake.

Siku saba zilipotimia, sajini alipita kukagua. Alikuta pikipiki imefungwa kwa bolti kwenye stendi ya chuma, sakafuni, gurudumu la nyuma likiwa juu. Pikipiki isiyoingia barabarani haina kosa la barabarani. Akaweka alama kwenye karatasi yake, akaomba iwashwe mara moja kabla hajaondoka, akasikiliza amevua kofia.

Tangu hapo ikawa kawaida. Wapita njia wakisikia injini hupunguza mwendo, kama watu wanaopita mlangoni pa mgonjwa. Malori ya mawe hupita barabara kuu kuanzia alfajiri, na njia panda ya machimbo haijawekwa hata kibao. Kwenye jalada kijana bado alikufa papo hapo.

Mkwewe huja kila Jumamosi alasiri akishamaliza kushona. Hakumsamehe mzee kwa maneno, wala hakumlaumu kwa maneno. Humletea chakula, humfulia ovaroli, humwambia, "Baba, umekonda." Lakini injini ikiwashwa huhamia upande wa pili wa pikipiki, mahali ambapo tangi la petroli linamkinga asiuone uso wa mzee, na huketi hapo mpaka mwisho.

Mtoto amejifunza kusema akiwa palepale, kati ya boksi la spana na gurudumu. Watoto wengine huanza na mama, au maji. Yeye siku moja alikuwa akipanga nati sakafuni kwa mstari, akainua kichwa akasema, wazi kabisa, "Nilikuwa upande wangu." Mama yake akamfuta mdomo, akamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ulikuwa."

Mzee Kimya husafisha jeti mara kwa mara, sauti isije ikafifia. Jirani alimshauri aiache izibe kidogo, apumzike, kwani amekwisha kusikia na dunia nzima imekwisha kusikia. Alijibu kwamba hiyo si kazi ya fundi.

Sauti ikifika mahali pale pa simu, huacha alichokishika. Hufuta mikono kwenye kitambaa, husimama wima, husogea karibu na mdomo wa ekzosi, moshi ukimwasha macho.

"Nikampigia baba," inasema ekzosi.

"Naam, mwanangu," anaitika mzee. "Nipo. Nakusikia."

"Hakupokea," inasema ekzosi.