Foleni ya Nyuki wa Gachoka

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, nyuki wa mzee Njoka walifika ofisi ya biashara mjini Embu saa mbili kasoro kumi, karani akiwa bado hajaja. Njagi, bawabu wa mlangoni, alikuwa amejaza majani ya muguka shavuni, kwa hiyo hakuwauliza mengi. Alifungua kitabu cha wageni akaandika: nyuki, elfu kumi hivi, kutoka Gachoka, sababu ya kuja: cheti. Mahali pa namba ya kitambulisho akapiga mstari. Kisha akawaonyesha benchi.

Nyuki wakaketi. Walijaza benchi lote, na waliokosa nafasi wakajipanga ukutani, kila mmoja nyuma ya mwenzake, bila kuvuma. Njoka mwenyewe alifika nusu saa baadaye, maana yeye aliomba lifti kwenye lori la mchanga na lori lilipata pancha. Alipowaona alivua kofia.

"Mngeniambia," alisema. "Tungekuja pamoja."

Ilikuwa hivi. Wakubwa wetu na wakubwa wa nchi jirani walikutana katika hoteli yenye zulia, wakatia sahihi kwamba tangu siku ile mali ya mwananchi itavuka mpaka bila ushuru, na mwenye kuuza huduma atavuka nayo vilevile. Kila mkubwa akapewa kalamu aliyotilia sahihi, akaenda nayo nyumbani. Redio ikasema mkulima mdogo ndiye atakayefaidika kwanza.

Ciakuthii, mke wa Njoka, aliisikia redio akaiamini, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini. Alikwenda maonyesho ya akina mama wafanyabiashara, akakutana na mama mmoja wa Jinja, Uganda, jina lake Nakimuli, akamwonjesha asali ya Gachoka kwenye ncha ya kijiti. Nakimuli alifumba macho muda mrefu. Hapo hapo Ciakuthii akamwahidi madebe kumi, na Nakimuli akasema gari lake litayafuata Embu mwisho wa mwezi wa tano, mwaka ambao migunga itatoa maua vizuri.

Migunga ilikawia, na Ciakuthii akaugua. Dawa yake ilikuwepo nchini. Ilikuwa ghalani bandarini ikingoja mhuri, na mwenye mhuri alikuwa ameenda semina ya kuondoa vikwazo vya biashara. Semina ilikwisha Ijumaa. Ciakuthii alizikwa Alhamisi.

Miaka miwili baadaye migunga ikachanua mpaka vilima vikawa vyeupe, na Njoka akavuna madebe kumi kamili. Aliyapanga chumbani, upande wa kitanda aliokuwa akilala marehemu. Watu walimwambia auze sokoni Gachoka yaishe. Akakataa. Ciakuthii alitoa neno lake kwa mgeni, na mtu aliyekufa hawezi kurudi kuomba msamaha kwa mgeni. Asali hiyo ilikuwa ya kufika Jinja, basi.

Lakini bila cheti cha asili ya bidhaa, mpakani hupiti, mkataba uwepo usiwepo.

Karani wa vyeti aliitwa Lydiah, msichana wa Kianjokoma, mwenye adabu na sweta ya zambarau. Mara ya kwanza Njoka alipokwenda kwake, alimuuliza, "Mzee, asali hii imetoka wapi?"

"Gachoka."

"Nani anajua?"

"Onja, utajua."

"Mimi siruhusiwi kuonja, mzee. Nataka kitu cha kuonyesha."

Njoka akarudi nyumbani akafikiri. Kwao Mbeere mzinga hauandikwi jina. Unachomwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto, na mtu wa ukoo mwingine akiiona alama hiyo anapita na njaa yake. Njoka alishusha mzinga mmoja mkuukuu, mzinga wa babake, akakata kipande chenye alama kwa msumeno, akakifunga kwa gazeti akakipeleka Embu. Hakuwa na ushahidi mkubwa kuliko huo.

Lydiah alikigeuza kile kipande cha gogo. "Alama hii haiko kwa kompyuta, mzee."

"Hiyo kompyuta ni ya ukoo gani?"

Lydiah alicheka, halafu akaangalia mlango wa mkubwa wake akaacha. "Baba, usinichekeshe, nitapoteza kazi. Shida ni hii: nyuki anaruka. Mimi nitajuaje hawa wako hawajaenda kula maua ya Tanzania wakarudi? Wa kushuhudia ni nyuki mwenyewe."

"Kwa hiyo unataka nyuki?"

"Wakija nitawahudumia. Hapa hatubagui mtu."

Njoka alipanda lori akaenda zake. Hakumwambia nyuki yeyote jambo hilo. Jumatatu iliyofuata wakaja.

Lydiah alifanya alivyosema. Aliweka mkoba wake chini, akawasalimu, akawasha kompyuta. Kompyuta ikakataa.

"Mtandao umelala," alisema. "Rudini kesho."

Wakarudi kesho. Mtandao ulikuwa umeamka, lakini fomu zilikuwa zimekwisha. Siku ya tatu fomu zilikuwepo, ila mkubwa wa kutia sahihi alikuwa Naivasha kujadili jinsi ya kupunguza foleni. Nyuki hawakulalamika. Walifika kila asubuhi kabla ya saa mbili, Njagi akiwaandika kitabuni, wakaondoka ofisi ikifungwa. Aliyetaka kumwona Lydiah alipiga foleni nyuma yao. Mama mmoja wa vikapu alijaribu kupita mbele, na watu wakamkemea: "Mama, wewe huoni wenzako wametangulia?"

Sasa, wakubwa hawajui nyuki huishi duniani siku ngapi. Nyuki kibarua hupata wiki sita, akibahatika. Ilipofika katikati ya mwezi wa nne, wale wa kwanza wakaanza kufia pale pale benchini, mmoja mmoja, bila fujo. Mama wa kufagia aliwakusanya kwa kibao cha taka na kuwamwaga kwenye maua ya uani. Kila aliyekufa, mdogo wake alikuja kutoka Gachoka akaketi mahali pake, na Lydiah akaamua kwamba nafasi katika foleni inaweza kurithiwa. Aliandika hivyo kwenye karatasi akaibandika ukutani. Mambo yakaenda kwa utaratibu.

Njoka alikuwa anakaa nao. Jirani yake Kithaka, mwenye mizinga pia, alikuja siku moja kumletea githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe, akamkuta amekaa kwenye ncha ya benchi.

"Wewe Njoka, kweli umegeuka mpiga foleni wa nyuki?"

"Wao ndio wanapiga foleni. Mimi ni mwenye mizinga tu."

"Na mwisho wa mwezi wa tano ukipita?"

Njoka alitafuna punje ya mahindi muda mrefu kuliko punje inavyohitaji. "Hautapita," alisema.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mithika, tajiri wa kutoka Meru mwenye tai na simu mbili. Asali ya Mithika ilikuwa ya sukari iliyochemshwa na rangi, jambo ambalo Embu nzima ililijua, maana moshi wa kuichemsha haukuwa siri. Hakupiga foleni. Aliingia kwa mkubwa, wakacheka mle ndani kwa dakika kumi, akatoka na cheti cha mapipa mia mbili.

Njoka alisimama. "Lydiah, mwanangu. Nyuki wa huyu wako wapi?"

Lydiah hakuinua uso. "Mithika ana kampuni, mzee. Kampuni haihitaji nyuki."

Nyuki wa kwenye benchi walisikia. Walikaa vilevile.

Tarehe kumi na tisa mwezi wa tano, mkubwa alirudi kutoka semina nyingine akiwa na wasiwasi. Nairobi ilikuwa imemwambia kwamba upande wa bidhaa unakwenda vizuri, hasa mapipa ya Mithika, lakini upande wa huduma ofisi ya Embu haijavusha hata mtu mmoja. Hakuna fundi, hakuna kinyozi, hakuna mwimbaji wa harusi. Ripoti ilikuwa inatakiwa Ijumaa. Mkubwa alisimama mlangoni akatazama benchi kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu.

"Hawa ni nani?"

"Ni nyuki, bosi. Kutoka Gachoka."

"Wanafanya nini?"

"Wanangoja cheti cha asali."

"Nauliza kazi yao. Wanafanya kazi gani?"

Lydiah alifikiri. "Wanachukua vumbi la ua hili wanapeleka kwa ua lile. Mimea inazaa."

"Wanaifanyia nani?"

"Mtu yeyote mwenye shamba."

"Hiyo ni huduma!" alisema mkubwa, na akaenda kutafuta mhuri mwenyewe, kwa miguu yake.

Asali ya Njoka, alieleza huku akigonga mhuri, ni bidhaa, na bidhaa ya chakula lazima ipimwe, na kipimo kiko Nairobi, na kipuri cha kipimo kiko bandarini. Hiyo ingoje. Lakini nyuki ni watoa huduma, na watoa huduma wana dirisha lao, la nne, ambalo halijawahi kuwa na mtu. Kibali kilitoka kabla ya chai ya saa nne: kibali kimoja kwa nyuki wote, miaka mitatu, nchi ya kwenda Uganda, mwenyeji wao Nakimuli wa Jinja, kama jina lilivyokuwa kwenye fomu ya Njoka.

"Mimi sikuomba hiyo," Njoka alisema.

"Mzee," mkubwa alimpiga bega, "hii ndiyo faida ya mkataba. Wewe utaandikwa kwenye ripoti."

Alhamisi asubuhi nyuki waliondoka. Waliobaki Gachoka walitoka mizinga yote thelathini na mbili, wakakutana na wale wa benchi juu ya Embu, wakashika barabara ya Nairobi, upande wa kushoto. Polisi wa vizuizi waliomba kuona kibali mara tano njiani. Malaba, mpakani, walipanga foleni nyuma ya malori siku moja na nusu, wakavuka.

Simu ililia Jumapili, Njoka akitoka kanisani.

"Baba, hapa ni Nakimuli, Jinja. Nyuki wamefika salama! Wameingia kwenye kahawa yangu, yaani, hata sijui niseme nini."

"Na lile gari lako?" Njoka aliuliza. "Madebe yako tayari. Nitapata cheti karibuni."

Nakimuli alikuwa mama mwema, na mtu mwema akikuumiza huna hata wa kumtukana. "Gari la nini tena, baba? Asali si wataitengenezea huku? Mama Ciakuthii aliniahidi asali ya nyuki wenu. Hawa si wenu? Mimi nasema neno lake limetimia. Mungu amlaze pema."

Njoka alikwenda kaburini. Alisimama pale na viatu vya kanisani.

"Mama Wambeti," alimwambia mkewe, "Nakimuli amesema amepata."

Alirudi nyumbani. Madebe yalibaki upande ule wa kitanda, na mizinga ikaning'inia migungani, upepo ukiingia mbele ukitokea nyuma.

Mwezi wa nane asali ya Jinja iliingia soko la Gachoka bila ushuru, yenye cheti safi. Kithaka alinunua chupa akamletea. Njoka alionja kwa ncha ya kijiti akawatambua nyuki wake. Kahawa ilikuwa imeingia kidogo, kama mtoto aliyerudi kutoka shule na lafudhi ngeni. Kesho yake alivaa koti akaenda Embu.

"Nataka nyuki wangu," alimwambia Lydiah.

Lydiah alifungua kompyuta, na siku hiyo ilifunguka. Alisoma taratibu. Akasoma tena.

"Kwenda walikwenda kama huduma ya Kenya, mzee. Kurudi ni kuingiza huduma ya kigeni. Lazima uthibitishe kwamba hakuna nyuki wa hapa anayeweza kufanya kazi hiyo." Alishusha sauti. "Na hapa wapo. Angalia."

Njoka akageuka. Benchini walikuwa nyuki wa Kithaka, wa mizinga yake yote, waliofika asubuhi kuulizia cheti. Nyuma yao walisimama ng'ombe watatu wa maziwa kutoka Kianjokoma, wamefungwa kamba kwa adabu, na Njagi alikuwa bado anawaandika.

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Piga foleni, baba. Leo bosi yuko semina."

Njoka alivua kofia, akaenda kwenye benchi. Nyuki wa Kithaka wakasogea kidogo, wakampa nafasi.