Mkate Uliopinduliwa

Niliolewa katika nyumba ya waoka mikate wa Montbrac, kijiji cha Ufaransa, mwaka wa hamsini na mbili. Mume wangu alikuwa bado jeshini, kwa hiyo dukani nilisimama na mama mkwe, Fernande. Baba mkwe, Anselme, alikaa nyuma kwenye tanuri. Siku nyingine nilisikia kikohozi chake tu.

Vuli ile alihamia kijijini mjane mmoja mshonaji, Bi Hortense Vialle. Mwanzoni watu walimletea magauni mengi. Kisha habari ikafika kwamba marehemu baba yake alikuwa msaidizi wa mkata vichwa wa serikali, yule wa waliohukumiwa kifo. Magauni yakakoma.

Mnajua ilivyo kwetu. Zamani mwokaji aliuweka kando mkate wa mkata vichwa, ameupindua, tumbo juu, ili mwingine asiuguse. Hata leo mtoto akiuweka hivyo mezani, mama yake huugeuza upesi.

Jumatatu moja mama mkwe akaupindua mkate mmoja mwishoni mwa rafu.

"Ule wa Hortense."

"Mama, yeye hajamkata mtu kichwa."

"Wewe uza. Kufikiri niachie mimi."

Bi Hortense aliingia, akauona, akalipa. Ikawa hivyo kila siku. Alhamisi akaniambia kwa sauti ya chini, "Jumamosi napanda basi la Limoges, binti yangu, sirudi. Usilie. Si wewe uliyeupindua."

Kweli sikuupindua. Lakini siku zote nne niliufunga kwa karatasi, nikampa.

Nikaenda nyuma kumwambia baba mkwe, maana hakuwa akija dukani. Aliacha kukanda.

"Mkate wangu?" akauliza. Basi.

Ijumaa tulipofungua mlango, mikate yote rafuni ilikuwa imepinduliwa, na baba mkwe amesimama kando yake.

"Anselme! Umelewa?"

"Sijaonja hata tone."

"Wateja watakimbia!"

"Wakimbilie wapi? Mwokaji mwingine yuko kilomita tisa."

Wa kwanza alikuwa Léontine, mke wa muuza nyama. Akasimama na kikapu chake, mdomo wazi.

"Mizaha gani hii asubuhi asubuhi?"

"Ni mkate, Léontine," akasema baba mkwe, unga mpaka kwenye nyusi. "Ulale chali, ulale kifudifudi, niliuoka mimi. Kama huutaki, meno yako yatapumzika."

Léontine akatazama matope nje, akatazama rafu.

"Nipe ule ulioiva sana. Na usinicheke, mzee."

Bi Hortense aliingia nyuma yake. Macho yake yalikwenda mwisho wa rafu, mahali alipozoea, kisha yakarudi polepole, mkate kwa mkate. Hakuupata wake.

Mama mkwe alikuwa akifuta meza iliyokwisha kuwa safi. Akaendelea kufuta. Halafu akaweka kitambaa chini, akachukua mkate kwa mikono yake mwenyewe, akaugeuza ukakaa sawasawa, akampa.

"Huu una ganda zuri," akasema, bila kumtazama usoni.

Bi Hortense aliukumbatia ungali na joto. Akafika mlangoni, akageuka.

"Kesho mnafungua saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu," akajibu mama mkwe. "Usichelewe, Jumamosi mkate huisha mapema."