Moshi Unaokata Kushoto

Fundi Masikio alishika kitambaa cheupe nyuma ya ekzosi ya pikapu, akamwambia dereva akanyage mafuta. Dereva akakanyaga. Kitambaa kikawa cheusi kama kitako cha sufuria. Moshi wenyewe haukupanda juu. Ulishuka hadi usawa wa magoti, ukatoka langoni mwa gereji, ukangoja baiskeli ipite, ukavuka barabara, na ulipofika kwenye duka la misumari ukakata kushoto.

"Ule unakwenda wapi?" fundi aliuliza.

"Kwa shemeji yangu. Mke wa marehemu kaka."

"Kila siku?"

"Nikiwasha tu."

Fundi alikunja kitambaa. "Hiyo ni tabia, na tabia mimi sitibu. Mimi natibu rangi. Niachie ufunguo."

Dereva huyu watu walimwita Taratibu. Kazi yake ilikuwa kuhamisha watu na vyombo vyao, na kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuvunja kioo cha kabati la mtu. Ni mbele ya nyumba ya shemeji yake tu alipokuwa akipita mbio, macho mbele, kwa sababu alijua kinachoingia dirishani nyuma yake. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga pale. Alitaka kitu kimoja: moshi ukome, kabla shemeji hajamuuliza ulianzaje.

"Moshi mweusi una maana moja," fundi alisema akiwa ameinamia injini. "Mafuta mengi, hewa kidogo. Gari lako linakabwa. Ngoja tumtafute anayelikaba."

Alianza na chujio la hewa. Aliligonga kwenye tairi, likatoa vumbi la kijiko kimoja, vumbi la kawaida. Akaegemeza bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, mtindo uliompa jina lake, akalegeza mabomba ya nozeli zinazonyunyizia injini mafuta, moja baada ya jingine, huku akisikiliza. Kila alipolegeza moja, injini ilipungua nguvu kwa kiasi kilekile, ishara kwamba zote zinafanya kazi. Siku ya pili aliliwasha tena asubuhi, moshi ukatoka ukaenda zake, kisha akazifungua nozeli zote na kuzijaribu. Zilinyunyiza mafuta kwa ukungu mwembamba, mzuri kiasi kwamba alimwita Taratibu aje autazame. Bomba la turbo halikuwa na ufa. Pampu ilikuwa timamu. Kufikia adhuhuri fundi alikaa juu ya tairi, akawa anafuta mikono kidole kwa kidole.

"Gari hili ni zima," alisema. "Sijapata kuona gari zima hivi lenye moshi mbaya hivi. Nani wa kwanza kusema linatoa moshi?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulimwambia nani?"

"Kaka. Kwa simu."

"Na lilikuwa linatoa?"

Taratibu alitazama viatu vyake. "Halikuwa linatoa."

Fundi aliacha kufuta mikono.

Alasiri ya siku aliyofariki, kaka yake alipiga simu akasema kifua kimembana, hewa haifiki, aje ampeleke hospitali. Pikapu ilikuwa imekwisha kupakiwa kabati la milango mitatu la mteja mmoja mwenye maneno mengi, na Taratibu aliona kulishusha ni kujitafutia ugomvi. Tena alidhani ni kifua tu. Akasema, "Kaka, gari limeharibika. Linatoa moshi mweusi, haliendi." Kaka akahema, kisha akasema, "Pole, mdogo wangu. Usiliwashe basi, usije ukaliua." Akaenda kwa miguu akimwegemea mkewe, na hospitali hakufika. Siku tisa baada ya mazishi pikapu ilianza kutoa moshi, mweusi vilevile kama ulivyotajwa kwenye simu.

"Basi ugonjwa umepatikana," fundi alisema polepole. "Ila spea yake sina." Akamletea ndoo ya maji na kipande cha sabuni, asiende kwa shemeji yake na mikono michafu. "Nenda. Mimi narudisha nozeli."

Shemeji alifungua mlango kabla Taratibu hajabisha hodi.

"Karibu, shemeji. Pita ndani, ila usikae pale, pana mtu."

Moshi wa asubuhi ile ulikuwa umekaa kwenye kiti cha marehemu, umetulia kama mgeni aliyeambiwa asubiri. Shemeji alikuwa amekitandika kiti shuka kuukuu. Ukuta wa nyuma yake ulikuwa umesuguliwa kwa sabuni mpaka rangi ikaanza kubanduka. Nguo nyeupe siku hizi alizianika uani. Dirisha alilifungua mwenyewe kila asubuhi, maana zamani moshi ulikuwa ukijipenyeza kwenye tundu la ufunguo, naye akaona unaumia.

"Moshi unakusumbua," Taratibu alisema.

"Unakuja," shemeji alijibu. "Si wote wanaokuja."

Alisema bila ubaya, huku akimimina maji.

"Shemeji, siku ile gari lilikuwa zima."

"Najua." Alimwekea glasi mkononi. "Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kinyozi ili apumue kidogo. Ukapita na kabati. Lilikuwa na kioo kikubwa, tukajiona sote wawili humo."

Taratibu alishika glasi, asinywe. "Kaka aliniona?"

"Alikuona. Alinyanyua mkono, lakini ulikuwa unatazama mbele. Akasema, 'Heri, limepona.'"

"Alisema kwa kejeli?"

Shemeji alifikiri kitambo, kwa kuwa alitaka kusema kweli.

"Hapana," alisema. "Alifurahi."

Walikaa watatu, wao wawili na moshi. Mwishowe Taratibu aliomba radhi, na shemeji akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea mzigo usio wake akauweka pembeni mpaka mwenyewe atakapopita.

"Nina ombi moja," alimwambia alipokuwa akimsindikiza mlangoni. "Hapa unapita mbio mno. Moshi unakimbia kukufuata, halafu ukiingia ndani unahema. Mimi sipendi tena kusikia mtu akihema."

Kesho yake fundi alimkabidhi pikapu pamoja na kipande cha boksi alichokiandika kwa chaki: HALINA KASORO. Taratibu alipakia viti sita vya mteja, akavifunga kamba, akashika njia kwa gia ya pili. Alipofika kwa kinyozi alitazama benchi, akanyanyua mkono, akaendelea kuunyanyua mpaka alipolipita. Kinyozi alidhani ni yeye anayesalimiwa, akainua mkasi.

Benchi lilikuwa tupu. Nyuma ya pikapu moshi ulishuka hadi usawa wa magoti, mweusi vilevile, na kwenye duka la misumari ukakata kushoto, safari hii bila haraka.