Kizingiti Kisicho na Mlango

Miaka ishirini na tisa nimejenga nyumba ambazo hazijawahi kunyeshewa: kuta, ngazi, hata kanisa zima la mbao. Kisha Skaistė akaja kutoka Vilnius kuwa mbunifu wa jukwaa katika ukumbi wetu mdogo, akaviondoa vyote. Alisema siku hizi jukwaa halivalishwi, lenyewe linaigiza. Nikamuuliza kama litaomba likizo. Hakucheka.

Bi Danguolė, mkurugenzi wetu, alifurahi. Alitangaza kwamba mchezo ukifaulu bila kuta, karakana ya useremala itafungwa iwe chumba cha mavazi. Karakana ni mimi na mashine ya kuranda. Niliuombea mchezo ule uanguke, nasema wazi.

Mchoro wa Skaistė ulikuwa na kitu kimoja tu: kizingiti. Hakuna mlango, hakuna ukuta. Kimo, sentimita mbili. Katika mchezo, baba anampokea mwanawe aliyekaa Norway miaka kumi. Kila mmoja amesimama upande wake, na mikono haikutani, maana kwetu Lithuania hakuna mwenye akili zake anayesalimiana juu ya kizingiti. Ni kujitafutia ugomvi.

Sentimita mbili si kizingiti. Nilichonga cha mwaloni, sentimita kumi na mbili, kama cha nyumbani kwa bibi yangu, na katikati nikakipunguza kidogo, pale nyayo za watu hula mbao. Kilinichukua siku tatu. Kilikuwa kiburi, si sanaa.

Asubuhi ya mazoezi Skaistė alikitazama, kisha akautazama mchoro wake.

"Fundi, namba husomi?"

"Nasoma. Wewe ndiye hujui kizingiti, binti."

Hapakuwa na muda wa kukibadilisha. Wiki nzima waigizaji walikuwa wamefanya mazoezi kwa utepe uliobandikwa sakafuni, na kila mara Kęstas, anayeigiza baba, alisahau akampa mwanawe mkono. Safari hii alikwenda, akafika, mkono ukaishia njiani. Akabaki akiuangalia.

Remigijus, mwongozaji, alidhani anazidisha. Akamwambia basi ampe mkono kwelikweli, tuone.

"Siwezi," Kęstas akasema.

"Acha mambo yako, mzee. Hicho si kipande cha mti tu?"

Akapanda mwenyewe kumwonyesha. Akafika kwenye kizingiti, akakivuka kwanza, ndipo akanyoosha mkono. Alirudi kwenye kiti chake akasema kizingiti kibaki.

Mchezo ulifaulu. Watu walilia, na mimi nililia, ingawa mimi nilikuwa naililia karakana yangu.

Jumatatu Bi Danguolė alituita ofisini. Skaistė alikuwa ameleta mchoro wa mchezo unaofuata: karatasi nyeupe. Hakuna kuta, hakuna kizingiti, hakuna chochote. Bi Danguolė aliigeuza, akaangalia na nyuma.

"Basi seremala hatumhitaji tena," akasema.

"Jukwaa litakuwa tupu, mama," Skaistė akajibu. "Lakini huo utupu autengeneze yeye. Nikiutengeneza mimi, utakuwa wa sentimita mbili."

Bi Danguolė ni mtu wa fomu. Alifungua fomu ya kazi za karakana, akaandika "utupu", akaniuliza nitahitaji muda gani.

Nikafikiri vizuri. Nikamwambia wiki tatu, kama mbao ni kavu.