Chumba cha Uyoga

Kijiko kiligonga kikombe, ti, ti, na majogoo bado walikuwa kimya. Tangu koo limnyime sauti, Tobias alimwita mkewe hivyo. Apolinaria alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akajifunga kitambaa mdomoni, ndipo akaingia.

Mwanga wa tochi ulipita juu ya mifuko iliyoning'inia karibu na kitanda. Miwili ilikuwa imeshika ukungu wa kijani. Wa tatu ulikuwa umechomoza kishada kidogo, laini kama masikio ya mtoto mchanga.

"Baba Festo, uyoga umeota," alisema.

Kiangazi kilipoanza, Tobias alitamani mchuzi wa uyoga, na huko Itetemia pori lilikuwa majani makavu matupu. Apolinaria akanunua uyoga wa kulimwa kwenye soko la Ng'ambo. Kichwa kimoja alikilaza kwenye karatasi, mistari yake ikitazama chini, akakifunika kwa bakuli. Asubuhi vumbi lake lilikuwa limechora duara. Vumbi hilo ndilo alilolipanda kwenye mtama uliochemshwa. Mtama ulipofunga nyuzi nyeupe, akauchanganya na mabua ya mpunga na kuushindilia mifukoni.

Muuzaji alikuwa amemwonya: uchafu wa watu huua uyoga. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja tu chenye giza, nacho kilikuwa cha mgonjwa. Basi waliokuja kumjulia hali aliwazuia mlangoni. Kwanza waliondoka wakinung'unika, baadaye hawakuja. Zabibu peke yake, jirani na mtani wao, aliendelea kuacha chupa ya uji kizingitini, bila kubisha hodi.

Mchana mchuzi uliiva. Tobias alipokea kijiko kimoja, akakizungusha mdomoni kwa muda mrefu. Haukushuka. Apolinaria akamfuta kidevu.

"Mtamu," Tobias alinong'ona. Kisha, "Mama Festo, watu wamenichoka?"

Apolinaria hakuwahi kumwambia kwamba ni yeye aliyewazuia wageni. Aliliweka bakuli chini, akatoka na kitambaa chake mdomoni mpaka kwa Zabibu.

"Leo ninawe, au nioge kabisa?" Zabibu aliuliza, asinyanyuke mkekani.

"Njoo na miguu hiyohiyo, mdogo wangu. Ananiuliza kama mmemchoka."

Zabibu alinyanyuka. Akatafuta kandambili zake.

Apolinaria alitangulia. Akaitungua mifuko yote, mizima na iliyooza, akaitupa uani, akafungua dirisha. Zabibu aliketi kitandani na vumbi lake la njiani, akaushika mguu wa mgonjwa, mwembamba kama mwiko.

"Mzee, bado upo? Nami nimeshachagua kanga ya msibani."

Mabega ya Tobias yalitikisika. Apolinaria alishtuka, akamwinamia, kumbe anacheka.

Walikaa naye mpaka jua likapanda ukutani na kuanza kufifia. Zabibu aliponyanyuka, kijiko kiligonga kikombe. Wanawake wote wawili wakasogeza masikio.

"Kesho uje tena," Tobias alisema. "Na wenzako."