Surua Alivyofika Mlangoni Kwangu

Usiku wa kuamkia leo niliota Surua amekuja kitongojini kwetu kwa miguu, amevaa suti ya kaki kama karani wa sensa, daftari kwapani. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni viatu vyake kutokuwa na tope, na Tukuyu hii mvua haijui likizo.

Nikamwamkia, maana ana umri mkubwa kuliko babu zetu wote. Akaitika marahaba kwa upole. Akasema kila mgonjwa wake lazima ampatie watu kumi na wanane, na leo amepungukiwa na wawili.

Tunaongozana nyumba kwa nyumba. Milango yote nimeipiga tiki kwa chaki mwezi uliopita, nilipopita nikichanja watoto. Surua anabisha hodi, mlango wenyewe unajibu: "Wamechanjwa wote wanne." Anashukuru, anaandika, anasonga mbele. Mlango wa mzee Ambilikile unamwambia apite zake, ila asikanyage maua.

Napunguza mwendo, kwa sababu najua njia hii inaishia wapi.

Inaishia kwangu. Mlango wangu una tiki nzuri kuliko zote.

"Atupele, miaka mitano," anasoma Surua. "Amechanjwa?"

Mlango unanitazama. Miaka kumi na mmoja naufunga na kuufungua, sikujua una macho. "Mama Atu," unasema, "nijibu nini?"

"Soma kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa nakijua, mama. Mimi naulizia sindano."

Nikaanza kujitetea. Atupele ni mtoto wa marehemu dada yangu, nilimchukua mwaka huu, hana hata kadi ya kliniki. Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho, siku ya mwisho. Kichupa kimoja ni dozi kumi. Ukikifungua kwa mtoto mmoja, tisa unamwaga, na ofisini wanauliza. Basi nikapiga tiki, nikasema nitampeleka kliniki Jumatatu. Jumatatu zimepita nne. "Mganga hajigangi," nikaongeza, nikidhani methali itaniokoa. Surua akaiandika.

Mlango ukafunguka, na ndani hapakuwa sebuleni kwangu bali uwanja wa shule. Watoto wote niliowachanja wamesimama bega kwa bega, duara moja kubwa. Katikati, juu ya kanga, amelala Lusajo wa jirani yangu, miezi minne, ambaye umri wa sindano hajaufikia. Wenzake wamemzingira ili Surua asimfikie. Surua anazunguka mara mbili, anawaomba radhi, hapati upenyo.

Mara ya tatu anaupata. Ni mwembamba, wa kumtosha mtoto wa miaka mitano.

Nakimbia nikauzibe kwa mwili wangu.

"Wewe huenei hapa, mama," anasema Surua, bila ubaya. "Hapa ni pa Atupele." Na kweli Atupele yupo, amesimama na gauni la kulalia. Surua anainama, analisogeza sikio la mtoto kando kwa kidole. "Mimi vipele vyangu huanzia nyuma ya sikio," anamweleza. Kisha anamshika mkono, wanaingia wote wawili mpaka kwenye kanga.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Atupele ameketi kitandani, macho mekundu, anakohoa. Mafua hayo yana siku tatu, na siku zote tatu nimeyaita baridi. Nikamgeuzia shingo dirishani. Nyuma ya sikio la kushoto vipele vitano, vidogo kama ulezi.

"Jana ulicheza wapi, mwanangu?"

"Kwa mama Lusajo. Nilimpakata mtoto."

Nikampigia simu msimamizi wangu, Bwana Mwasenga, nikamwambia kuna surua kitongojini. Nilimsikia akifungua kurasa. Akasema haiwezekani, kitongoji chote kina tiki, ni nyumba ya nani hiyo.

"Yangu," nikasema. "Lakini uanzie kwa jirani."