Taji la Mfalme, Taji la Malkia

Likizo ya Juni 1993 nilirudi Tukuyu kutoka shule ya bweni nikiwa mtaalamu pekee wa sare za kijeshi katika wilaya nzima ya Rungwe. Utaalamu huo niliupata katika kitabu kimoja cha maktaba, ambacho nilikisoma karibu chote.

Shangazi Agness alinihitaji siku hiyohiyo. Alikuwa amepiga pasi koti la babu, koti zito la kaki alilorudi nalo kutoka vita vya Burma, kisha akalitundika kwenye kibanda chake cha mitumba, kando ya koti la jeshi lililotoka kwenye belo, lililofanana nalo. Asubuhi, kwa baridi ile, binti yake Hellen akamuuzia Jaffari wa bucha moja kati ya hayo mawili. Lipi, hakujua.

"Kesho tunamzika mzee Lazaro," shangazi alisema. "Walipigana pamoja. Babu yako lazima asimame kaburini na koti lake. Akijua nimeliuza, Ackson, mimi si mwanawe tena."

"Tulia, shangazi. Mtaalamu amefika."

Nilikagua vifungo vya shaba vya koti lililobaki. Vita vile vilipiganwa enzi za mfalme wa Uingereza, na taji lake kwenye kifungo limeviringana juu. Taji la malkia, aliyemfuata, limebonyea katikati. Kifungo cha pili kilikuwa cha malkia, nikaishia hapo.

"Huyu mama alifikaje Burma?" niliuliza kama hakimu. "Hili ni mtumba. La babu analo Jaffari."

Huko buchani Jaffari alibisha, kisha akavua. Vifungo vyote vilikuwa vya mfalme.

"Haya, bwana mkaguzi, chukua. Yote mawili yananuka panya."

Tukabadilishana.

Jioni babu Andongwisye akalivaa. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini vidole vyake vilipita kifungo kwa kifungo, vikasimama.

"Kifungo cha Lazaro kiko wapi?"

Shangazi alinitazama. Mimi nilitazama dari.

"Changu kilidondoka," babu alisema. "Lazaro alibaki jeshini baada yetu. Alipotoka alinipa kimoja cha koti lake jipya. Hicho ndicho ninachokwenda nacho kumzika."

Shangazi alifumbua mdomo. Nikamtangulia.

"Nimelibadilisha mimi, babu. Nilidhani najua."

"Basi kimbia, msomi."

Nilimkuta Jaffari akifunga bucha.

"Mkaguzi! Umegundua nini tena?"

"Nimegundua mimi ni mjinga."

"Sema kwa sauti, hawa wateja hawajasikia."

Nilibana visigino kama askari, nikatangaza ujinga wangu mpaka mama mmoja akaangusha maini. Jaffari akalivua koti huku anacheka.

Kesho yake, huko kijijini Suma, babu alisimama kaburini, kidole gumba juu ya kifungo cha pili. Mahubiri yalipokwisha, mzee mmoja akamuuliza kwa nini kile hakifanani na vingine.

Nilikuwa na jibu refu sana. Nikalimeza, babu akajibu.